Nusu ya Jibu la Nakwawi

Nimestaafu mwezi uliopita. Hakuna aliyenistaafisha, maana hakuna aliyewahi kuniajiri kwa barua. Nimekunja tu daftari langu na kumwambia kila anayepiga simu kwamba Mama Ekal haendi tena Merti wala Garbatulla. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimekuwa mkalimani na msaidizi wa utafiti hapa Isiolo. Wanafunzi wa uzamili na uzamifu wanaokuja kuchunguza mipaka, mifugo, amani na sera za serikali, wengi wao wamepita mikononi mwangu kabla ya kuitwa madaktari. Ninyi mnaoshika kazi hii sasa mmeniomba niandike yale niliyoyaona. Naandika, lakini msitarajie niwafundishe kutumia simu kujaza hojaji, kwa kuwa hilo mnanishinda.

Kazi ilinikuta nikifundisha chekechea katika mtaa wa Wabera. Mzee Guyo, aliyekuwa mkalimani wa mahakama kabla ya kuanza kuzunguka na watafiti, alikuwa akitafuta mtu wa Kiturkana. Cha kwao Kiborana alikuwa nacho na Kisomali pia. Mimi Kiturkana ni cha mama yangu, na Kimeru nilikiokota sokoni kwa akina mama wa viazi. Alikuja shuleni, akasimama mlangoni, watoto wakanyamaza wenyewe.

"Salaam aleikum, mwalimu. Nasikia wewe uko na lugha mingi."

"Aleikum salaam, mzee. Ziko kadhaa."

"Kuongea najua unaweza. Unaweza kunyamaza?"

Nilimwambia naweza, na safari yetu ya kwanza nikathibitisha kwamba siwezi. Mgeni wetu alikuwa kijana mrefu anayesomea uhusiano wa kimataifa, aliyetaka kujua biashara ya ng'ombe inavyovuka mpaka. Mimi nilivaa viatu vya kisigino kwa sababu nilidhani tunakwenda ofisini. Tulikwenda zizini. Mfanyabiashara mmoja alipoulizwa swali, nikamjibia mimi, maana jibu nililijua. Mzee Guyo hakunigombeza mbele ya watu. Tulipopanda gari akaniambia niandike kwenye daftari: jibu unalolijua wewe si data. Kisha akanipa ndala zake nivae hadi mjini, yeye akabaki na soksi.

Alinifundisha kukaa nyuma kidogo ya mgeni, ili anayehojiwa amtazame mgeni, asinitazame mimi. Alinifundisha kutoshika kikombe kabla ya mwenye boma kushika chake. Watu wakicheka, mwambie mgeni wamecheka na umwambie kwa nini, hata kama wamecheka kofia yake. Na kubwa kuliko yote: "Mtu akiongea nusu saa, na wewe ongea nusu saa. Mgeni akichoka, wacha achoke. Hiyo si kazi yako." Alipokuwa hai nililishika hilo kama sala.

Vifaa vyetu havikuwa vya kutisha. Rekoda ya kaseti, betri ambazo tulizianika juani zikianza kufa, daftari la jalada gumu, na mfuko wa nailoni wa kufunika yote kwa ajili ya vumbi. Kalamu tulibeba mbili, kwa kuwa ya kwanza ilibaki kwa chifu. Sukari na majani ya chai kwa boma, tumbaku kwa wazee. Siku hizi simu inafanya kazi ya vitu vyote hivyo isipokuwa sukari.

Hojaji zenyewe zilikuwa na ajabu zake. Kulikuwa na zile za kumuuliza mtu ameridhika kiasi gani na serikali, kuanzia moja hadi tano. Mzee mmoja wa Ngare Mara aliuliza kama tano ndiyo mwisho au anaweza kupewa sita. Mwingine akasema atachukua mbili leo na nyingine tukirudi. Mgeni aliandika yote mawili, nami nilimheshimu kwa hilo. Wanafunzi nimewapenda wengi wao. Wanakuja na kofia kubwa na haraka kubwa zaidi, na anayelala boma siku mbili tatu bila kulalamikia kupe huwa anaandika kitu cha maana.

Sasa nifike kwenye kosa langu, maana bila hilo haya yote ni porojo.

Mwanafunzi hupewa wiki tatu za kukusanya data. Wiki mbili zinaliwa na vibali: wizara, kaunti, naibu kamishna, chifu. Inabaki moja, na barabara zetu mnazijua. Kwa hiyo mkalimani anajifunza kuwa na mahali pa karibu penye watu wasioogopa rekoda. Mahali pangu palikuwa Gotu, kando ya mto. Mtu wangu alikuwa Nakwawi.

Nakwawi ni mjane mwenye mbuzi na punda wawili, mkubwa kwangu kwa miaka michache. Anaongea kwa mpango, kama mtu anayepanga vyombo kabatini. Mwanafunzi wa kwanza niliyempeleka kwake alikuwa msichana kutoka nje ya nchi, akiandika juu ya amani baina ya jamii zinazogawana mto. Nakwawi alimweleza juu ya mwaka mmoja wa ukame, pale watu wa upande wetu na jirani zetu wa ng'ambo ya mto walipokubaliana kunywesha mifugo kwa zamu. Siku yetu, siku yao. Alieleza nani alikaa na nani, kilichinjwa nini, na jinsi siku za kwanza zilivyokwenda vizuri. Msichana aliandika hadi vidole vikamuuma. Kisha Nakwawi akaendelea na yaliyofuata. Dereva akapiga honi, kwa sababu mawingu yalikuwa yamekusanyika na lile korongo la njiani likijaa hatuvuki. Msichana akafunika kalamu yake. Akaniuliza, "Anasema nini sasa?"

Nikamjibu, "Anazungumzia mambo ya familia."

Mzee Guyo alikuwa amefariki mwaka huo. Sijui kama angekuwepo ningethubutu.

Baada ya huyo nilimpeleka wa pili, wa tatu, wa nne. Kila mmoja alikuwa amesoma tasnifu ya aliyemtangulia na alitaka kusikia habari za zamu za maji. Nakwawi aliwapa. Kwa miaka mingi akawapa, na nikaona jibu lake linazidi kuwa fupi na safi. Nilifurahi. Nilimwona ni mtu aliyezoea kazi, nikajisifu kwamba nimemzoesha mimi. Ndiyo, nilijisifu, na wageni wakanisifu, wakapeana namba yangu huko vyuoni kwao. Kumi na mmoja walipita pale.

Kisha akaja Kendi.

Kendi ni msichana wa Meru, mwanafunzi wa uzamili wa sera za umma katika chuo kimoja Nairobi. Mwembamba, mwenye miwani, na hakuwa na haraka, jambo lililonishtua. Alikuja nyumbani kwangu Wabera na mkoba uliojaa karatasi. Akasalimu, akanywa chai, akauliza hali ya watoto. Ndipo akapanga juu ya meza yangu kurasa alizozichapa kutoka kwenye tasnifu kumi na moja.

"Mama, nisaidie hapa. Huyu ameitwa Maria. Huyu ameitwa Mhojiwa wa Kumi na Nne. Hapa wamesema tu ni mama mfugaji. Wote wako na punda wawili, na wote wanasema punda moja inaogopa maji. Hawa ni watu wangapi?"

Watafiti hawaandiki majina ya watu, mnajua. Ni kumlinda mhojiwa. Kumbe walikuwa wakinilinda mimi pia.

"Ni tofauti," nikamwambia. "Huku punda ni wengi."

Alinitazama kidogo, akakubali kwa kichwa, akatoa karatasi nyingine. Ilikuwa rasimu ya kanuni iliyoandaliwa na mradi mmoja wa maji wenye wafadhili wa nje. Walitaka kuweka ua na geti pale watu wanaponyweshea mtoni, na kila jamii ipewe siku zake kwa sheria, anayekuja siku isiyo yake arudishwe. Rasimu ilisema hiyo ndiyo mila ya wenyeji tangu zamani, na mwishoni iliorodhesha tafiti zilizothibitisha. Nilizijua zote. Nilikuwa nimezibebea betri.

"Kikao cha maoni ya wananchi ni wiki mbili kutoka leo," Kendi akasema. "Na mimi pia tasnifu yangu imesimama juu ya hii zamu. Msimamizi wangu ameshapitisha. Kama kuna kitu najua vibaya, afadhali nijue sasa."

Aliondoka bila kunisukuma. Nami nilibaki na zile kurasa. Niliwaza jina langu. Niliwaza wale kumi na mmoja, wengine sasa wako kwenye mashirika makubwa wanashauri serikali. Niliona aibu, na chini ya aibu niliona hofu, kwa sababu nusu ya jibu iliyobaki niliijua vizuri. Mimi ndiye niliyekuwa nimekaa pale nikiisikia huku dereva akipiga honi. Mwanamke akifika kwenye geti lile na mbuzi waliokaa siku mbili bila maji, akaambiwa si siku yake, nilijua kitakachotokea.

Asubuhi nilimpigia Kendi simu. "Ni mtu mmoja," nikasema. "Na habari haiishii pale ilipoishia. Njoo na viatu vya kutembea."

Tulifika Gotu kabla jua halijapanda. Nakwawi alikuwa anakamua. "Ejoka," akatusalimu, akatutandikia ngozi, na bila kuulizwa akaanza: mwaka ule wa ukame, siku yetu, siku yao. Alipofika mwisho wake wa kawaida akanyamaza na kumtazama Kendi, kama anavyowatazama wote, akingoja swali linalofuata.

Nikamwambia kwa Kiturkana, "Endelea. Sema ile uliyosema mara ya kwanza."

"Ile ya nini?"

"Ya baada ya hapo."

Alikuna mkono wake. "Ile hamuitaki," akasema. "Niliisema mara ya kwanza, yule msichana akafunika kalamu. Wa pili nikaisema kidogo, akafunika. Nikaona wageni wako wote wanaacha kuandika pale pale. Sasa mimi nitampikia mtu chakula asichokula? Nikaacha kusema pale mnapoacha kuandika."

Nimetafsiri maneno mengi magumu maishani mwangu, ya vita na ya njaa. Haya yalikuwa mazito kuliko hayo. Nikamtafsiria Kendi yote, pamoja na sehemu inayonihusu, na lile jibu langu la mambo ya familia nikaliongeza mimi mwenyewe. Kendi akafungua daftari ukurasa mpya.

Na Nakwawi akasema nusu ya pili. Zamu zile hazikumaliza msimu. Ng'ombe anaweza kungoja siku mbili tatu, mbuzi hangoji kama ng'ombe, ngamia ana hesabu zake, na punda anataka kila siku. Ukiwapa watu siku, wanyama hawazijui. Wiki moja watu wa ng'ambo walitoka mbali na mifugo iliyochoka, wakafika siku yetu. Vijana wetu wakawazuia, maana wazee walikuwa wamepanga. Kaka yake Nakwawi, ambaye ndiye aliyependekeza zile zamu, alishuka mtoni akasimama katikati akiwaomba vijana wawaache wanyweshe. Hakutoka pale akiwa hai. Wawili wa ng'ambo pia hawakurudi kwao.

"Kutoka siku hiyo hakuna aliyepanga siku tena," akasema. "Tulirudi kwa kawaida yetu. Ukitaka kuja na mifugo, unatuma mtu mbele siku moja, anasalimu, anauliza kuna nani na anataka saa ngapi. Mnaelewana wenyewe. Kesho mnaelewana tena."

Nilimwomba msamaha. Alisema sawa, kwa sauti ya mtu anayepokea mzigo ambao hajajua mahali pa kuuweka.

Kendi hakutoka mbio kwenda kuandika. Hilo nawaambia ninyi vijana mlishike. Alinitazama akasema, "Mama, hii sasa pia ni mtu moja." Na alisema kweli. Kwa hiyo siku zilizobaki tulitembea. Tulivuka mto na kuwauliza wa ng'ambo, pamoja na mkalimani wao, kijana wa Kiborana aliyeongea nusu saa pale mtu alipoongea nusu saa. Nilimpenda papo hapo. Tuliwauliza wachungaji, wanawake wa mitungi, wenye ngamia waliopita tu. Hakuna aliyewahi kuona zamu isipokuwa mwaka ule. Wote walijua kutuma mtu mbele. Mzee mmoja wa ng'ambo aliposikia habari za geti alicheka kwanza, kisha akauliza kama tunafanya mzaha, kisha akavaa viatu aje kikaoni.

Msimamizi wa Kendi alimwambia amechelewa kubadilisha mada. Akabadilisha. Alipoteza muhula mzima, na ninavyomjua hajaujutia.

Kikao kilifanyika kwenye ukumbi mmoja hapa mjini, viti vya plastiki na maji ya chupa. Afisa wa mradi alikuwa mtu mstaarabu mwenye slaidi. Alifika kwenye mila ya zamu za maji, akasema imethibitishwa na watafiti wengi huru kutoka vyuo mbalimbali vya dunia. Nikanyoosha mkono.

"Habari, bwana afisa. Naitwa Mama Ekal. Hao watafiti huru niliwapeleka mimi. Wote nilipeleka kwa mama mmoja, na huyo mama aliwapatia nusu ya jibu kwa sababu mimi nilikata ile nusu ingine. Hiyo mila haiko. Ilikuwako mwaka moja na iliua watu."

Kwa nyuma mtu akasema, "Kumbe." Afisa alivua miwani. Nilikuwa na kazi yangu mikononi na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi nilikuwa naifanya yote.

"Mama, hayo ni mashtaka mazito," afisa akasema. "Uko na ushahidi?"

Kendi akasimama na karatasi zake. Wazee wa pande zote mbili wakasimama. Na nyuma yao akasimama Nakwawi, ambaye alikuwa ametoka Gotu alfajiri juu ya lori la mchanga.

Aliongea kwa Kiturkana na mimi nikatafsiri. Aliongea muda mrefu, nami nikaongea muda mrefu vile vile. Watu wengine walitoka kwenda kuswali adhuhuri wakarudi wakamkuta bado. Alipomaliza, afisa alimnong'oneza mwenzake, kisha akatangaza kwamba kipengele cha geti na siku kinaondolewa, na mradi utakwenda mtoni kuuliza upya. Wazee wakaanza kuinuka.

Lakini karani aliyekuwa akiandika kumbukumbu za kikao, msichana mdogo tu mwenye kompyuta ya mapajani, aliinua mkono kama mwanafunzi darasani.

"Samahani. Huyo ndugu yake aliyekufa mtoni. Aliitwa nani?"

Niligeuka kumtafsiria Nakwawi, na mdomo ukiwa wazi nikagundua kwamba mimi sijui. Nilikuwa nimeketi kwenye ngozi yake miaka yote ile. Nilijua majina ya punda wake.

Nikamuuliza.

"Lomuria," akasema. "Lomuria mwana wa Ekitela."

Karani akaandika. Nakwawi akatoka pale alipokuwa, akapita katikati ya viti hadi mbele, akasimama nyuma ya bega la yule msichana na kukitazama kioo cha kompyuta. Kusoma hajui. Akaniambia nimwambie asome kwa sauti.

Msichana akasoma jina. Nakwawi akamwambia arudie.